Dozi Moja au Kapsuli Kumi?

Dawa zinazokishambulia kirusi cha influenza chenyewe zipo, na daktari anaweza kukuandikia. Wengi hawazijui. Tumezoea parasetamoli ya kushusha homa, dawa za kufungua pua, tangawizi na limau, na kwa bahati mbaya amoksilini, ambayo huua bakteria na kirusi haikigusi kabisa. Waliokwisha kuzisikia, aghalabu kutoka kwa ndugu walioko Ulaya au Marekani, huja kaunta na swali moja: "Dokta, katika hizo, ipi ndiyo kali?" Jibu ni kwamba kwa ukali hazipishani sana. Zinapishana kwa nani anafaa kupewa, zinaingia mwilini kwa njia gani, na umeziwahi saa ya ngapi tangu ugonjwa uanze.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mafua ya kawaida huja polepole: koo linawasha, pua inachuruzika, lakini kazini unakwenda. Influenza humwangusha mtu. Asubuhi mzima, jioni yuko kitandani na homa ya nyuzi 39, viungo vyote vinauma, kikohozi kikavu, hata chakula hakitamaniki. Nyingi kati ya dalili hizo ni za malaria pia, na ndiyo maana hapa kwetu kipimo cha malaria hutangulia. Dawa ninazozieleza hazisaidii mafua ya kawaida, na hazisaidii UVIKO-19. Ni za influenza tu.

Kongwe kuliko zote ni amantadini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1966. Siku hizi haitumiki tena kwa kazi hii. Ilikuwa inazuia influenza aina A peke yake, na virusi vilijenga usugu kiasi kwamba Januari 2006 Marekani iliwaambia madaktari wake waiache. Ukiikuta famasia leo, imeandikiwa mgonjwa wa Parkinson.

Zinazotumika zaidi sasa ni nne, na tatu kati yake hufanya kazi kwa njia moja. Kirusi cha influenza kikiingia ndani ya seli ya koo au mapafu huilazimisha izalishe virusi vipya. Hivyo vipya vikichomoza nje hubaki vimenasa kwenye utando wa seli, kama nzi aliyekanyaga utomvu wa fenesi. Lakini kirusi kina kimeng'enya chake, neuraminidasi, kinachokata ule unato na kukiachia kiende kuvamia seli nyingine. Oseltamiviri, zanamiviri na peramiviri hukaa juu ya kimeng'enya hicho na kukifunga. Virusi vipya vinanasa pale pale vilipozaliwa.

Hapo ndipo penye siri ya muda. Dawa hizi haziui virusi vilivyokwisha tawanyika. Zinazuia vingine visitawanyike. Kuzaliana kwa virusi hufika kileleni ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Mtu aliyekaa nyumbani akaanza dawa siku ya nne anakuta kazi kubwa imeshapita, na maumivu anayoyasikia kwa sehemu kubwa yanatokana na kinga ya mwili wake inayopambana. Ndiyo sababu miongozo husisitiza saa 48 tangu dalili ya kwanza. Anayewahi ndani ya saa 24 anafaidi zaidi.

Oseltamiviri ndiyo maarufu, na kwa jina la kiwandani ni Tamiflu ya kampuni ya Roche. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Mtu mzima hunywa kapsuli ya miligramu 75 asubuhi na nyingine jioni kwa siku tano, yaani kapsuli 10. Mtoto hupimwa uzito kwanza: mwenye kilo 15 au pungufu, aliyevuka mwaka mmoja, hupewa miligramu 30 kila mara, na dozi huongezeka kadiri kilo zinavyoongezeka. Asiyeweza kumeza hufunguliwa kapsuli, unga ukachanganywa na maji ya sukari yaliyokolea. Unga wenyewe ni mchungu kweli kweli, kwa hiyo usiutie kwenye maji matupu ukategemea mtoto atakuvumilia. Malalamiko makubwa ni kichefuchefu na kutapika, na hupungua dawa ikinywewa na chakula. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, basi mtajie daktari hali ya figo zako hata kama hakuuliza.

Jambo jingine kuhusu dawa hii lilitokea Japani. Mwaka 2007 serikali ya huko ilizuia vijana wa miaka 10 hadi 19 wasipewe, baada ya taarifa za vijana kuchanganyikiwa na wengine kuruka kutoka ghorofani. Katazo likaondolewa mwaka 2018, kwa kuwa influenza yenyewe huweza kumfanya kijana aweweseke, awe amekunywa dawa au hakunywa. La kushika hapo ni kwamba kijana mwenye homa kali asiachwe peke yake siku mbili za kwanza.

Zanamiviri, au Relenza, ni unga wa kuvuta kwa mdomo kwa kifaa maalumu, mara mbili kwa siku, kwa siku tano. Inabaki zaidi kwenye njia ya hewa, kwa hiyo tumbo halisumbuki. Lakini mwenye pumu asiiguse, kwani inaweza kumbana kifua papo hapo, na mtoto wa chini ya miaka saba hapewi kwa matibabu. Unga huo umechanganywa na laktosi, sukari ya kwenye maziwa. Haifai kuyeyushwa na kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia wagonjwa mahututi, maana huiziba.

Peramiviri haina maneno mengi: dripu moja, mara moja, robo hadi nusu saa, hospitalini. Ni ya mtu asiyeweza kumeza wala kuvuta.

Ya nne ndiyo inayoulizwa sana sasa. Baloksaviri ilitoka kwa kampuni ya Shionogi, ikaidhinishwa Japani Februari 2018 na Marekani Oktoba mwaka huo huo kwa jina la Xofluza. Yenyewe haingoji kirusi kitoke nje ya seli. Inakizuia humo humo ndani kisianze kunakili chembe zake za urithi. Na hukaa kwenye damu siku nyingi, hivyo dozi ni moja tu: miligramu 40 kwa mwenye uzito wa kilo 20 hadi chini ya 80, na 80 kwa aliyefika kilo 80 au zaidi. Ukishameza, umemaliza.

Je, inaishinda oseltamiviri? Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2018 lilihusisha watu waliokuwa na afya njema kabla ya kuugua. Waliopewa kidonge bandia walipata nafuu baada ya saa 80 hivi, waliopewa baloksaviri baada ya saa 54 hivi. Tofauti hiyo inavutia, mpaka uangalie kundi la oseltamiviri: nao walipata nafuu karibu muda ule ule. Ilipozidi baloksaviri ni kwenye virusi vyenyewe, ambavyo viliacha kuonekana ndani ya siku moja hivi, wakati kwa oseltamiviri ilichukua siku tatu. Utafiti uliochapishwa 2025 ukaonyesha kuwa mgonjwa aliyeinywa mapema hupunguza uwezekano wa kuwaambukiza wa nyumbani kwake kwa karibu asilimia 30. Kwa nyumba yenye bibi mwenye kisukari na kichanga, hilo si dogo.

Ila ina masharti. Usiinywe na maziwa wala chai ya maziwa, wala na vidonge vya madini ya chuma, zinki au vya kutuliza asidi ya tumbo, kwa kuwa madini hayo huishika dawa isifyonzwe. Mjamzito na anayenyonyesha hawashauriwi kuitumia. Tena katika jaribio lile la 2018, karibu mgonjwa 1 kati ya 10 waliokunywa dawa alionekana na virusi vilivyobadilika kupunguza makali yake, na kwa watoto hali hiyo hutokea zaidi.

Sasa, swali ambalo watengenezaji hawapendi tuliulize: faida yenyewe ni kiasi gani? Watafiti wa Cochrane, mtandao unaochambua majaribio ya tiba, walihangaika miaka kadhaa kuzipata taarifa kamili za majaribio ya oseltamiviri kutoka kwa kampuni. Walipozipata, waliandika mwaka 2014 kwamba mtu mzima aliyeinywa hupona mapema kwa saa 16.8. Chini ya siku moja! Uingereza ilikuwa imeshatumia pauni milioni 424 kujaza maghala yake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaiondoa oseltamiviri kwenye orodha kuu ya dawa muhimu, ikabaki kwenye orodha ya ziada, kwa wagonjwa mahututi waliolazwa.

Mimi sisemi kwamba dawa hii ni bure. Wastani huficha watu. Jaribio jingine lililofanywa katika vituo vya afya vya nchi 15 za Ulaya, na kutangazwa mwishoni mwa 2019, lilionyesha kuwa kwa jumla wagonjwa walipona siku moja mapema, lakini wazee waliougua vibaya na wenye maradhi mengine waliokoa siku mbili hadi tatu. Na uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 29,000 waliolazwa katika mlipuko wa influenza wa 2009 ulionyesha vifo vichache kwa waliopewa dawa za kundi hili, hasa waliozianza ndani ya siku mbili. Huo haukuwa jaribio la kugawa dawa kwa bahati nasibu, kwa hiyo hauna nguvu ya kufunga mjadala, ila aliye na mgonjwa wodini hasubiri mjadala ufungwe.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: oseltamiviri kwa aliyeugua vikali, baloksaviri kwa ambaye hajazidiwa lakini yuko kwenye hatari kubwa ya kuzidiwa, na mtu mwenye afya yake, asiyezidiwa, asipewe yoyote. Marekani bado inaruhusu oseltamiviri kwa wagonjwa wa nje walio hatarini, na hapo nafikiri sisi tutazame mazingira yetu. Kwenye maduka mengi ya dawa huku, ukikuta yoyote katika hizi nne, itakuwa oseltamiviri, nyingi zikiwa za viwanda vya India. Mjamzito baloksaviri haimfai hata ikipatikana. Kwa hiyo kwake, na kwa mtoto mdogo, mwenye selimundu, pumu, ugonjwa wa moyo au VVU, kapsuli kumi zilizopo ni bora kuliko dozi moja isiyopatikana.

Shida yetu nyingine ni msimu. Ulaya daktari akiona homa na kikohozi Januari, huku influenza imetangazwa mjini, anaweza kuandika dawa bila kipimo. Afrika Mashariki hatuna baridi ya kutupigia kengele. Kenya, ambako kirusi hiki kimefuatiliwa kwa miaka mingi, huonekana mwaka mzima kikipanda na kushuka. Mgonjwa akija na homa, daktari ana malaria, nimonia ya bakteria, dengi na influenza zote mkononi, na kipimo cha haraka cha influenza hakipo katika zahanati nyingi. Ndiyo maana sipendi kumwona mtu akinunua dawa hizi kwa kubahatisha, akizigawanya nusu yake na nusu ya mkewe. Dozi iliyokatwa kati haimtibu yeyote kati yao.

Wewe mwenye afya njema, umri wa makamo, homa imekushika tangu jana: lala, kunywa maji na parasetamoli, kaa mbali na wazee. Mtoto usimpe aspirini, kwa kuwa pamoja na influenza inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Lakini ukiona mtoto anapumua haraka na mbavu zinazama ndani, amekataa kunyonya au kunywa, au mtu mzima midomo imegeuka rangi, amechanganyikiwa, au alipata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu, mambo ya saa 48 yaache, nenda hospitali. Aliyezidiwa huanzishiwa dawa hata siku ya tano. Na mjamzito mwenye homa kali na kikohozi asisubiri azidiwe: aende hospitali leo, na amtajie daktari saa ambayo homa ilianza.