Usitupe kadi ya hospitali, huenda ikawa shahidi wako

Mtu akipona, mara nyingi hutupa kadi ya hospitali. Wengine huikunja mfukoni mpaka jasho likafuta maandishi. Baadaye inapotokea haja ya kwenda kortini kudai haki, huanza kuhangaika kutafuta karatasi ambazo hazipo tena.

Kwetu Kaskazini Mashariki hasara hiyo ni kubwa zaidi. Mgonjwa huanzia zahanati ya karibu, akahamishiwa Garissa, na pengine akamalizia matibabu Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300. Kila anakopita huandikwa habari zake. Kituo kimoja kikikosekana katika mlolongo huo, kesi nzima inaweza kulegea.

Tuchukue mfano wa kijana aliyegongwa na gari kwenye barabara ya Dadaab. Zahanati inasafisha jeraha na kuufunga mguu vibao. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa anapigwa picha ya eksirei, na inaonekana mfupa wa paja umevunjika. Miezi minne baadaye anamletea daktari fomu ya P3 ijazwe. Anachokiona daktari siku hiyo ni kovu na mguu uliopinda. Jeraha lilivyokuwa siku ya ajali hawezi kulijua kwa macho. Ikiwa kijana ana kadi ya siku ya kwanza, daktari ataandika kwa uhakika. Ikiwa hana, ataandika kovu, na wakili wa upande wa pili atauliza: kovu hili ni la ajali ipi?

Fomu ya P3 ni nini? Ni ripoti ya uchunguzi wa kimatibabu inayotolewa na polisi. Afisa wa polisi hujaza sehemu yake, kisha daktari hueleza majeraha, umri wake, na kifaa ambacho huenda kilitumika. Mwisho hukadiria uzito wa madhara. Kadirio hilo si jambo dogo. Chini ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, shambulio lenye madhara ya kawaida hubeba kifungo cha hadi miaka 5, lakini madhara makubwa yanaweza kumfunga mtu maisha.

Ifahamike kuwa P3 peke yake haimalizi kazi. Daktari au mwenzake huitwa kortini kuitoa na kuulizwa maswali. Madaktari huhamishwa mara kwa mara, na aliyekutibu Garissa leo anaweza kuwa Kisumu mwaka ujao. Mahakama inaweza kumruhusu mwenzake anayeujua mwandiko wake na saini yake atoe ripoti hiyo. Lakini mwandiko usiosomeka haumsaidii yeyote.

Je, anayelaumiwa akiwa ni daktari mwenyewe? Hapo faili ya mgonjwa ndiyo hutazamwa kwanza: saa aliyofika, mapigo ya moyo, dawa alizopewa, saa daktari alipoitwa na saa alipofika. Mama aliyekaa na uchungu wa uzazi siku nzima hupimwa na kuandikiwa chati. Pengo la saa nyingi katika chati hiyo lazima lielezwe. Sisi wahudumu tulifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanywa. Kwa hiyo rekodi nzuri humlinda pia daktari aliyefanya kazi yake sawasawa, kwani si kila matibabu yanayoshindwa ni uzembe. Akikosea kuandika, apige mstari mmoja, asahihishe, atie saini na tarehe. Anayefuta au kuandika upya faili hujiharibia mwenyewe.

Wapo wagonjwa wanaodhani faili ni siri ya hospitali. Sivyo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamruhusu mtu kuona habari zinazomhusu yeye. Andika barua ya kuomba nakala, ubaki na nakala ya barua hiyo iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Malalamiko juu ya daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na fidia hudaiwa kortini.

Lakini usichelewe. Kesi ya fidia kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dhidi ya serikali muda ni mfupi zaidi, miezi 12. Muone wakili mapema.

Wengine watasema, sisi tuna maslaha, mambo huishia kwa wazee. Hata huko karatasi ina kazi. Katika fikihi diya ya maisha ya mtu ni ngamia 100, na jeraha la kichwa linalofichua mfupa ni ngamia 5. Kama jeraha lilifika mfupani au halikufika, ni nani atakayethibitisha likiwa limekwisha kufunga? Ni yule aliyelishona na kuandika.

Basi, ukiumia fanya haya: nenda hospitali siku hiyo hiyo na ueleze jinsi ulivyoumia, piga ripoti polisi na uchukue nambari ya kitabu cha matukio, hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana Abdi na Mohamed ni wengi, hifadhi barua ya rufaa, picha za eksirei, karatasi ya kuruhusiwa na risiti zote. Tia vyote katika mfuko wa plastiki, na umpe jamaa unayemwamini nakala.

Jeraha hupona na watu husahau. Karatasi iliyoandikwa siku ile haisahau, mradi usiitupe.