Nilivyotembea miji ya Ireland na swali la mzee mfukoni

MZEE wangu alipoambiwa kwamba nakwenda Ireland hakuuliza ni mbali kiasi gani, wala nauli nani kalipa. Aliuliza jambo moja tu: "Hao nao waliwahi kukimbia?"

Nilimjibu kwamba ndivyo nilivyosoma vitabuni. Akasema, "Basi ukifika uliza. Waliporudi walimkuta nani shambani?"

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa swali hilo linatoka wapi. Baba alivuka mpaka kuingia Tanzania mwaka 1972. Mimi nilizaliwa katika makazi ya Mishamo, nikajifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, na Burundi niliijua kwa masimulizi ya jioni. Mwaka 2008 tulirudi. Shamba la mzee kule Rumonge, lenye michikichi aliyoipanda kwa mikono yake, tulikuta lina wenyewe, tena wana karatasi. Shauri lilizunguka ofisi hadi ofisi kwa miaka, mwisho tukagawana nusu kwa nusu. Katikati tulipanda mstari wa minyaa. Salamu kati ya nyumba zile mbili zikabaki za kuhesabika.

Kwa hiyo Septemba 2023, nilipopata nafasi katika ziara ya walimu 14 wa lugha na historia kutoka nchi mbalimbali, niliondoka na swali la mzee mfukoni. Tulikuwa na basi dogo, siku tisa, na mwongozaji ambaye ni mwalimu mstaafu, mama wa makamo mwenye mwavuli wa kijani asiouacha. Mimi nilimwita Mama tangu siku ya kwanza. Wenzangu wa Ulaya walishangaa, yeye akafurahi.

Watu wa shaba kando ya mto

Tulianzia Dublin, mji mkuu, ambao mto Liffey unaukata katikati. Jina lake latokana na maneno ya Kiairishi yenye maana ya dimbwi jeusi. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyoonekana lakini inayokulowesha hadi kwenye soksi.

Kando ya mto, karibu na jengo la zamani la forodha, kuna sanamu za shaba zilizowekwa mwaka 1997, kazi ya msanii Rowan Gillespie. Ni watu waliokonda, nguo zimechakaa, wanatembea kuelekea bandarini. Mmoja amembeba mwenzake mabegani kama mzigo. Mwingine amekumbatia kifurushi kifuani. Nyuma yao anawafuata mbwa. Nilisimama mbele ya yule mwenye kifurushi mpaka kundi likaniacha. Mzee wangu alivuka na kifurushi cha namna hiyo, kilikuwa na sufuria, shuka na mundu.

Mama alitupa hesabu. Mwaka 1841 kisiwa kizima cha Ireland kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Maskini walio wengi walikula viazi asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu vipande vidogo vya ardhi walivyokodishwa na mabwana ardhi havikutosha zao jingine. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia kwenye viazi, vikaoza ardhini. Katika miaka michache iliyofuata walikufa watu wapatao milioni moja, na zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Huku wakifa, nafaka na ng'ombe viliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza, maana vilikuwa mali ya wengine. Hadi leo kisiwa hicho hakijarudisha idadi ya watu wa mwaka 1841.

Hatua chache kutoka hapo imeegeshwa meli ya Jeanie Johnston, iliyoundwa upya kwa mfano wa ile ya mwaka 1847. Meli nyingi za wakati ule ziliitwa meli za jeneza kwa jinsi abiria walivyokuwa wakifia njiani. Hii ilifanya safari 16 kwenda Amerika Kaskazini bila kupoteza abiria hata mmoja. Ukishuka chini ukaona vitanda, kila kimoja cha watu wanne au watano, unaelewa kwamba hilo halikuwa jambo dogo.

Dublin ina mengine ya kuona. Chuo cha Trinity kilianzishwa mwaka 1592, na humo kinatunzwa Kitabu cha Kells, Injili zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama yapata mwaka 800, rangi zake bado zinang'aa. Katika ukumbi wa maktaba ya zamani, rafu nyingi tulizikuta tupu, kwa kuwa vitabu vilikuwa vinahamishwa ili jengo likarabatiwe. Mama alisema vitarudi vyote, kila kimoja mahali pake, kwa sababu vimeandikwa kwa orodha. Nilitamani mwaka 1972 angekuwapo mtu wa kutuandikia orodha.

Wafanyabiashara wetu wa mpakani wanaoijua chupa nyeusi ya Guinness watapenda kusikia hili: mwaka 1759 Arthur Guinness alikodi eneo la kiwanda chake hapo Dublin kwa mkataba wa miaka 9,000, kwa pauni 45 kwa mwaka. Wenzangu walicheka. Mimi niliwaza baraza letu la wazee likiletewa karatasi kama hiyo.

Gereza na makaburi

Gereza la Kilmainham lilifunguliwa mwaka 1796 na kufungwa mwaka 1924. Katika uwanja wake wa mawe, Mei 1916, Waingereza waliwapiga risasi viongozi 14 wa uasi wa Pasaka. James Connolly, aliyekuwa na majeraha hata asiweze kusimama, alipigwa akiwa amefungwa kwenye kiti. Baada ya uhuru gereza liliachwa likaota nyasi na paa likaanguka. Waliolifufua, kuanzia mwaka 1960, ni wananchi wa kujitolea: maseremala, waashi na wengine waliokwenda na zana zao baada ya kazi. Niliandika jambo hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari.

Katika makaburi ya Glasnevin nilikutana na jina ambalo sisi wa Maziwa Makuu tungepaswa kulijua zaidi. Roger Casement alizaliwa Dublin mwaka 1864, akawa balozi mdogo wa Uingereza nchini Kongo. Ripoti yake ya mwaka 1904 ndiyo iliyoweka wazi mbele ya Bunge la Uingereza mateso waliyofanyiwa Wakongo kwa ajili ya mpira chini ya Mfalme Leopold wa Pili: vijiji kuchomwa moto, watu kutekwa, mikono kukatwa. Baadaye akaupigania uhuru wa Ireland, na Agosti 1916 akanyongwa London kwa kosa la uhaini, akazikwa ndani ya ua wa gereza. Mifupa yake ilirudishwa nyumbani mwaka 1965 na kuzikwa kwa heshima za taifa. Miaka 49! Mzee wangu alirudi baada ya 36, tena kwa miguu yake. Nilimshukuru Mungu.

Bandari ya kwaheri

Kusini tulitembelea Cork, mji wa madaraja, wenye soko la ndani lililoanza mwaka 1788. Pale nilijisikia nyumbani kidogo: wauza samaki wanaita wateja, utumbo umetandazwa mezani, na mama mmoja anabishana bei ya soseji.

Si mbali na hapo ipo bandari ya Cobh. Inakadiriwa kwamba Waairishi milioni 2.5 waliondokea hapo kati ya mwaka 1848 na 1950. Meli ya Titanic iliwapakia abiria 123 hapo Aprili 11, 1912, siku tatu kabla ya kugonga barafu. Kwenye gati imesimama sanamu ya msichana Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume. Yeye ndiye mtu wa kwanza kupokelewa katika kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, Januari Mosi, 1892.

Mama alitueleza kwamba usiku wa kuamkia safari, jamaa na majirani walikesha nyumbani kwa mtu anayeondoka kama wanavyokesha msibani, kwa kuwa walijua hawatamwona tena. Hapo ndipo nilipotoa swali langu. Je, waliporudi walimkuta nani shambani?

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema wengi hawakurudi. Wachache waliorudi waliitwa Mayanki, wakachekwa kwa lafudhi yao. Nikamwambia sisi tuliitwa Watanzania.

Lakini habari ya mashamba alikuwa nayo. Alinisimulia juu ya Michael Davitt wa jimbo la Mayo, ambaye familia yake ilifukuzwa kwenye ardhi mwaka 1850 akiwa na miaka minne. Walikimbilia Uingereza, na huko akiwa na miaka 11 mashine ya kiwanda cha pamba ikamkata mkono wa kulia. Mtu huyo wa mkono mmoja alirudi Mayo na mwaka 1879 akashiriki kuanzisha Umoja wa Ardhi. Wakulima walikataa kodi za kinyonyaji na kumsusia kila anayewafukuza wenzao. Sheria zikabadilika polepole. Ile ya mwaka 1903 iliwawezesha wapangaji kukopeshwa fedha na serikali, wakawanunua mabwana ardhi na kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kwa maneno mengine, hata aliyeondoka alilipwa. Nilijua mzee hatalipenda jibu hilo, lakini nililiandika.

Lugha iliyopelekwa vichakani

Galway, magharibi, ni mji wa wavuvi na wanamuziki. Huko nilisikia Kiairishi kikizungumzwa dukani. Ndiyo lugha ya kwanza rasmi ya nchi na imeandikwa kwenye kila kibao cha barabara, lakini Kiingereza ndicho kinachozungumzwa na wengi. Njaa ile iliwaua na kuwafukuza zaidi watu wa vijijini, ambao ndio waliokuwa wasemaji wake.

Katika karne ya 18 sheria za wakoloni ziliwazuia Wakatoliki kufungua shule. Walimu wakafundisha kwa siri, nyuma ya ua wa miti au kwenye mabanda, na wazazi wakawalipa kwa siagi na kuni. Mimi niliyefundishwa herufi za kwanza chini ya mwembe pale Mishamo, nilijiona ndugu yao. Niliporudi Burundi nilikuta Kifaransa ubaoni, nikakaa mwaka mzima nikijifunza upya mambo niliyokuwa nayajua. Wengine walikicheka Kiswahili changu. Leo watoto wao ninawafundisha Kiswahili hichohicho, maana bila hicho huuzi kitu Kigoma wala Uvira.

Mpaka usio na kizuizi

Hapa wenzangu wa Kobero, Mugina na Gatumba wasome polepole. Kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, kuna mpaka wa takriban kilomita 500. Zamani ulikuwa na forodha, na magendo ya siagi na ng'ombe yalishamiri usiku. Vita vilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, ukaongezewa askari na minara. Forodha ziliondolewa mwaka 1993, na minara ikafuata baada ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 10, 1998. Sisi tulipita bila kujua. Mama alituambia, "Tayari." Kilichobadilika ni vibao vya mwendo, kutoka kilomita kwenda maili, na fedha, kutoka euro kwenda pauni. Hata Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2020, pande zote zilikubaliana kutorudisha vizuizi barabarani. Lakini mtu wa kwetu asidanganyike: hakuna anayekusimamisha, ila sheria inataka uwe na viza ya pili.

Derry ni mji wenye kuta nzima za karne ya 17, unaweza kuzunguka juu yake kwa mguu. Chini ya kuta, mtaa wa Bogside, kuna mnara wenye majina ya watu waliopigwa risasi na askari wa Uingereza Januari 30, 1972 wakiwa kwenye maandamano. Walikufa 13 siku hiyo, wa 14 baadaye. Uchunguzi wa kwanza uliwatetea askari. Wa pili ulitoa ripoti mwaka 2010, ukasema waliouawa hawakuwa na hatia, na Waziri Mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Nilisoma mwaka ule kwenye jiwe, 1972, nikavua kofia. Mvua iliendelea.

Belfast ndiko Titanic ilikoundwa, na jumba lake la makumbusho linavutia maelfu. Mimi nakumbuka zaidi zile kuta za amani, zilizoanza kujengwa mwaka 1969 kutenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Vita vile viliua watu wapatao 3,500. Mkataba ulisainiwa miaka miwili tu kabla ya ule wetu wa Arusha, na kuta nyingi bado zimesimama. Zina mageti: mchana magari yanapita, usiku mengine yanafungwa.

Nilimsimulia mzee yote hayo jioni mbili mfululizo. Habari za Davitt alizipokea kwa kuguna. Mwisho akauliza, "Hayo mageti ya Belfast, umesema mchana yako wazi?"

Nikasema ndiyo.

Majuma mawili baadaye nilienda Rumonge na wanafunzi wangu 11 kuandika majina ya wazee waliorudi, kijiji walichotoka na njia waliyopita, ili orodha iwepo. Mstari wa minyaa niliukuta umekatwa sehemu moja, upana wa mtu na ndoo. Ni njia fupi ya kwenda kisimani, ambayo watoto wa jirani walikuwa wakiizunguka. Panga la mzee lilikuwa bado limeegemea ukuta, lina utomvu mweupe.

Jirani hajasema kitu. Lakini watoto wake wanapita.