Nyumba ya Msanii: Turathi Inayosomeka

Tunapojadili mandhari darasani, aghalabu tunatosheka na kutaja mahali na wakati. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba nyumba alimoishi au kufanyia kazi msanii humsaidia mhakiki, na kwamba ikibomoka, sehemu ya maana ya kazi yake hufifia.

Tuanze na mfano ulio karibu. Katika mtaa wa Karen, Nairobi, ipo nyumba iliyojengwa mwaka wa 1912. Mwandishi Karen Blixen wa Denmark aliishi humo tangu 1917 hadi 1931, shamba lake la kahawa liliposhindwa. Kitabu chake, Out of Africa, kilichapishwa mwaka wa 1937, akiwa amekwisharudi kwao. Baadaye serikali ya Denmark iliipa Kenya nyumba hiyo kuwa zawadi ya uhuru, na mwaka wa 1986, baada ya filamu ya kitabu hicho kuvuma, ikafunguliwa kama makavazi. Zingatia kuwa umaarufu pekee haukutosha: palihitajika mnunuzi, mlinzi na sababu ya watu kuizuru. Aidha, baadhi ya samani zilizomo zilikuwa za Blixen, ilhali nyingine zilitoka kwenye filamu. Mhifadhi mwaminifu humweleza mgeni kipi ni kipi, kama vile mhakiki anavyomtenga mwandishi na msimulizi.

Je, watunzi wetu wenyewe? Tungo za Muyaka bin Haji zilihifadhiwa vichwani mwa watu wa Mombasa, zikakusanywa na Mwalimu Sikujua akishirikiana na W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa mwaka wa 1940, takriban karne moja baada ya kifo chake. Ulimi huweza kuhifadhi ushairi. Hauwezi kuhifadhi ukuta.

Ukuta nao husema. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayatazama majumba ya Pate yaliyobomoka ili kuionya nafsi yake. Anataja zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya thamani. Mwanafunzi asiyewahi kuona kidaka atakariri neno tu. Aliyeingia katika nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyohifadhiwa Lamu ataelewa uzito wa hasara inayosimuliwa.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamruhusu Waziri kutangaza jengo la kihistoria kuwa turathi inayolindwa. Hata hivyo, tangazo halizibi paa. Nyumba ya mawe ya matumbawe ikiachwa bila chokaa na paa zima huingiwa na maji, boriti zikaoza, dari ikaporomoka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwalimu mwenzangu, anza na eneo lako. Kwa idhini ya wenyewe, wanafunzi wapige picha na kuandika habari za nyumba ya manju, mchongaji au mshairi anayefahamika hapo, kisha wahifadhi nakala shuleni.

Nawe mtahiniwa, tahadhari: nyumba ya mwandishi si lazima iwe mandhari ya kazi yake. Itumie kuifafanua matini, wala usiiache ichukue nafasi ya matini.

Maswali ya kudurusu

1. Eleza tofauti kati ya mazingira ya mwandishi na mandhari ya kazi yake.
2. "Jengo lililobomoka ni ishara." Jadili kwa kurejelea Al-Inkishafi.