Picha za majahazi ya kale: Hazina inayopotea kwa kukosa maelezo

MWISHONI mwa mwaka 1938, baharia na mwandishi Alan Villiers, mzaliwa wa Melbourne, Australia, alipanda bumu la Kuwait liitwalo Bayan katika bandari ya Aden. Chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, chombo hicho kilishuka na pepo za kaskazi, kikatia nanga Lamu, Mombasa na Unguja, kisha kikaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Mwaka 1939 kilirejea Kuwait kwa kusi.

Villiers alipiga picha safarini humo, na leo zimehifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa ya Bahari, Greenwich, Uingereza. Thamani yake haitokani na uzuri pekee. Kitabu chake cha 1940, Sons of Sindbad, kinamsimulia nahodha, mabaharia, shehena na bandari, hivyo mtazamaji hujua anachokitazama.

Hilo ndilo linalokosekana katika picha nyingi za kale za vyombo vya tanga, hasa postikadi. Mara nyingi hazina jina la chombo wala mwaka. Mkusanyaji hana budi kusoma ushahidi uliomo pichani. Bumu limechongoka omo na tezi. Sambuku lina tezi bapa. Karatasi nayo hufichua mengi. Picha iliyochapwa kwenye karatasi ya ute wa yai aghalabu ni ya karne ya 19, ilhali postikadi ya Uingereza iliyogawanywa nyuma kwa mstari, upande wa barua na upande wa anwani, haiwezi kutangulia mwaka 1902.

Kosa kubwa ni kubandua picha kutoka kwenye albamu na kuziuza mojamoja. Mpangilio wake na maandishi ya pembeni huenda ndiyo pekee yanayoonyesha chombo kilitoka wapi na kilikuwa cha nani.

Unyevu wa pwani nao ni adui. Picha zihifadhiwe katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, mbali na jua, bila gundi wala utepe wa kunata. Maelezo yaandikwe nyuma, pembezoni, kwa penseli laini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Waliosafiri kwa majahazi hayo wanazidi kupungua. Mwenye picha sandukuni na awaonyeshe wazee sasa, ayaandike majina wangali wanayakumbuka.