Kabla Hujavuta Kontrasti: Picha za Ute wa Yai Zilichapwaje?

Wengi wetu tukikutana na picha ya karne ya 19, imepauka na kugeuka manjano, tunaipiga kwa simu, tunavuta kontrasti mpaka mwisho, picha inaamka, tunaposti. Kumbe hapo hapo tumefuta kitu. Ili ujue ni nini, lazima uelewe picha ile ilichapwa vipi.

Mwaka 1850 Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard alitangaza karatasi ya ute wa yai, na mpaka miaka ya 1890 picha nyingi duniani zilichapwa kwa njia hiyo. Karatasi nyembamba ilipakwa ute wa yai wenye chumvi, ikakauka, kisha ikalazwa juu ya maji ya nitreti ya fedha. Baadaye ilibanwa pamoja na negativu ya kioo ndani ya fremu na kuanikwa juani. Jua lenyewe ndilo lililoitoa picha, polepole.

Sasa mchezo uko hapa. Sehemu za kivuli huanza kuwa nyeusi. Weusi huo ni chembe za fedha, nazo zinakinga kilicho chini yake, kwa hiyo kivuli kinajipunguzia kasi chenyewe. Huku nyuma mwanga unaendelea kupenya kidogo kidogo kwenye sehemu nzito za negativu, kule kutakakokuwa kweupe: kanzu, ukuta wa chokaa, mawingu. Ndiyo maana mikunjo ya kanzu inaonekana bila kivuli kugeuka lami.

Lakini negativu ilipaswa kuwa na tofauti kubwa ya weupe na weusi. Ikiwa hafifu, picha ilitoka imepooza. Fundi alifanyaje? Aliihamishia fremu kivulini. Mwanga dhaifu ulichapa taratibu na kontrasti ikaongezeka. Negativu ikiwa kali kupita kiasi, aliipeleka jua la wazi, kontrasti ikashuka. Fremu ilifunguka nusu kwa nyuma, hivyo aliweza kuchungulia bila picha kuhama. Tena aliiacha ipitilize weusi kidogo, maana alijua dawa ya mwisho, ile ya kuondoa chumvi za fedha zilizobaki, itaipausha. Akiitoa mapema, kanzu inabaki doa jeupe tupu.

Tatizo ni kwamba sehemu hizo nyeupe zina fedha chache sana. Miaka ikienda, ndizo zinazofifia mapema, na ute nao unageuka manjano. Kilichobaki pale ni alama hafifu mno, na kontrasti ya simu inamalizia kazi.

Kwa hiyo, ukiskani picha za bibi au za mradi wa idara, hifadhi kwanza nakala ghafi, bila kugusa chochote, hata hiyo rangi ya manjano. Urembo fanya kwenye nakala ya pili. Tarizi ya kanzu au maandishi ukutani huenda ndiyo ushahidi pekee wa picha ile ni ya nani na ilipigwa wapi.