Chakula Kinapomdhuru Mtoto Mchanga

Katika soko la Karatina, kama ilivyo katika masoko ya Othaya, Nanyuki na Kerugoya, mama anayetaka unga wa uji wa mtoto hununua wimbi, mahindi, mtama, soya, njugu karanga na pengine omena, kisha huvipeleka vyote pamoja kwenye mashine ya kusagia. Uji huo husifiwa kwamba una nguvu. Lakini mtoto akivimba midomo na kutokwa na vipele baada ya kuunywa, nani atakayejua ni kipi katika vitu hivyo sita kilichomdhuru?

Dhara la namna hii huitwa mzio, na watu wengi mjini huliita aleji. Mwili wa binadamu una walinzi wake, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Kwa watoto wengine walinzi hao hukosea, wakakidhania chakula chema kuwa ni adui, na vita wanavyovianzisha ndivyo vinavyomwumiza mtoto. Jambo hili si uchawi, wala si laana ya ukoo. Mwaka 1902 wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jinsi mwili unavyoweza kushtuka vikali kwa kitu kidogo uliokwisha kukutana nacho zamani, na mwaka 1913 Richet alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Jina la aleji lenyewe lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet.

Vyakula vinavyodhuru watoto mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu, ngano, soya, samaki na simsim. Dalili kwa kawaida huonekana upesi, baada ya dakika chache au kabla ya saa mbili kupita: mabaka yanayowasha, uvimbe wa midomo na macho, kutapika, kikohozi, au mlio wa kifua. Lakini kila tumbo linalouma si mzio. Wako watu wazima wengi ambao matumbo yao hujaa hewa wakinywa maziwa, kwa sababu hawawezi kusaga sukari iliyomo. Hao husumbuka, lakini maisha yao hayamo hatarini. Mtoto mwenye mzio aweza kufa.

Yako makosa mawili ambayo jamaa hufanya. La kwanza ni kulidharau jambo. Husemwa kwamba mama anamdekeza mtoto, na kwamba zamani watoto walikula kila kitu wakapona. Nyanya, kwa upendo wake, humpa mjukuu kijiko cha maziwa mama akiwa shambani. Kosa la pili ni kuogopa kupita kiasi. Wazazi humnyima mtoto maziwa, mayai, maharagwe na samaki kwa kukisia tu, akabaki na uji mtupu na viazi. Mtoto wa namna hiyo huepushwa na hatari moja akatiwa katika nyingine, maana mwili usiopata vyakula vya kuujenga hudhoofika. Dr. Cicely Williams alieleza maradhi ya kwashiorkor mwaka 1933 huko Ghana, ambayo wakati huo iliitwa Gold Coast. Aliyaona kwa watoto walioachishwa maziwa ya mama wakapewa uji wa mahindi peke yake.

Basi yafaa kufanya nini? Kwanza, mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Baada ya hapo aendelee kunyonya huku akianzishwa vyakula vingine, na kila chakula kipya kiletwe peke yake, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa kabla ya kingine kuongezwa. Unga wa kila nafaka usagwe mbali, na mwenye mashine aombwe kuifuta kwanza, kwa kuwa mabaki ya njugu za mteja aliyetangulia hutosha kumdhuru mtoto mwenye mzio mkali. Pili, mzazi aandike katika daftari alichokula mtoto, saa aliyokula, na yaliyotokea. Daftari hilo, pamoja na Kijitabu cha Mama na Mtoto kinachotolewa kliniki, humsaidia sana daktari. Kipimo cha ngozi au cha damu peke yake hakitoshi, kwani huweza kuonyesha mzio kwa mtoto ambaye chakula chenyewe hakimdhuru.

Katika Mukurwe-ini na kwingineko, jamaa zenye mbuzi wa maziwa husema kwamba maziwa ya mbuzi ndiyo dawa. Hayo si kweli. Maziwa ya mbuzi yamefanana mno na ya ng'ombe, na karibu watoto wote wanaodhuriwa na haya hudhuriwa na yale. Kuyachemsha au kuyagandisha hakuondoi hatari. Mtoto aliyekatazwa maziwa aweza kujengwa mwili kwa njahi, maharagwe, ndengu, nyama, mayai na samaki, pamoja na mboga za terere, ikiwa vyenyewe havimdhuru. Mtoto ambaye bado ni mchanga, na hanyonyi, hapana budi apelekwe kwa daktari ili achaguliwe maziwa yanayomfaa.

Mzigo huu hauwezi kubebwa na mama peke yake. Baba yampasa ajue chakula kilichokatazwa kama anavyojua jina la mwanawe, naye ndiye afaaye kuwaeleza wazee kwa adabu. Nyanya asiposhutumiwa, bali akikabidhiwa kazi ya kukilinda chakula cha mjukuu, huwa mlinzi bora kuliko wote. Yaya, mwalimu wa nasari na mwalimu wa watoto kanisani waandikiwe karatasi yenye maneno machache: chakula gani, dalili gani, na simu ya nani.

Hatari ikija, dakika huhesabiwa. Mtoto akipumua kwa shida, sauti ikibadilika, akilegea au kuzimia, dawa yake ni sindano ya adrenalini katika msuli wa upande wa nje wa paja. Dawa za vipele haziwezi kushika nafasi yake, wala maziwa au makaa ya kumeza. Mtoto alazwe na miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua aachwe aketi. Akitapika alazwe ubavu. Asisimamishwe wala kutembezwa. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu penye dawa hiyo. Yafaa wazazi waulize mapema, kabla ya mvua kuharibu njia, ni kituo kipi chenye adrenalini usiku na mchana, na ni jirani yupi mwenye gari.

Zamani madaktari wa Ulaya na Marekani waliwashauri wazazi wachelewe kuwapa watoto njugu. Mwaka 2015 uchunguzi wa London kwa watoto 640 ulionyesha kinyume: waliokula njugu tangu uchanga walipata mzio wake mara chache zaidi kuliko walionyimwa, na tofauti hiyo ilizidi robo tatu. Kwa hiyo chakula kisicheleweshwe bila sababu. Njugu zisagwe laini, kamwe zisitolewe nzima kwa mtoto mdogo, maana humpalia. Mtoto mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai huachwa nao kabla au baada kidogo ya kuanza shule. Mzio wa njugu na samaki hukaa zaidi. Kujaribu kama umekwisha ni kazi ya hospitali, mbele ya daktari mwenye dawa mkononi, wala si ya jikoni. Mpaka siku hiyo, mtoto atakula kwa usalama ikiwa kila mkono unaomlisha unajua.