Pishori ya Mwea: Mifereji ilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau

Wasee, ukinunua pishori hapo Kagio, jua story yake haikuanzia kwa kinu. Ilianza 1954, wakati wa Hali ya Hatari. Mabeberu waliweka wafungwa wa Mau Mau kwa kambi kama Thiba na Gathigiriri, wakawachimbisha mifereji ya kulisha mashamba maji.

Baadaye wakulima wakapewa shamba, lakini kama wapangaji tu. Mpunga ulienda kwa bodi ya serikali, na bei ilipangwa na bodi. Kujiuzia? Zii!

Mwisho wa miaka ya 90 wakulima wakachoka, wakagoma. Ndio maana leo Wang'uru imejaa vinu vya watu binafsi.

Gathigiriri bado kuna jela. Kama una guka ama cucu wa Mwea, muulize mapema.